Kusubiri flashi kwenye holdemu ya limiti: dola nne za flopu, dola nane za karata ya nne

Miezi yangu ya mwanzo kwenye meza za dola 4 kwa 8 huku California nilikuwa na ugonjwa mmoja. Nikishika kopa mbili na flopu, zile karata tatu za kwanza za wazi, ikaleta kopa mbili nyingine, nilikuwa nafuata dau kimyakimya mpaka karata ya mwisho. Kopa ikija, naongeza kwa mbwembwe. Isipokuja, natupa na kuguna. Niliamini huo ndio uangalifu. Siku moja mzee niliyezoea kukaa naye jirani, mtu wa maneno machache, aliniambia bila kuulizwa kwamba nilikuwa nabana pesa mahali zinapozaa na kuzimwaga mahali zinapoliwa. Hakueleza zaidi, akaendelea na kahawa yake. Nilikwenda kupiga hesabu mwenyewe, na hizi hapa.

Tusipishane kwanza. Poka hii si ile ya vijana wa Kenya, ya kuomba aina kwa ree na kumlisha jirani mbili na tatu. Hii ni holdemu ya Texas: karata mbili za siri mkononi, tano za wazi katikati ya meza, na mwenye karata tano bora ndiye anayekula poti, yaani pesa zote zilizowekwa mezani. Naandika kwa anayejua kiasi hicho tayari.

Tena ni ya limiti. Ile ya kwenye televisheni, mtu anasukuma chipu zake zote katikati kisha anakunja mikono, haina kikomo. Hapa dau lina kipimo. Meza ya 4 kwa 8 maana yake ni kwamba kabla ya flopu na kwenye flopu dau ni dola 4, halafu kwenye karata ya nne na ya tano za wazi linapanda kuwa dola 8. Anayeongeza huongeza kwa kipimo hichohicho, na kwa kawaida raundi moja haipokei zaidi ya dau moja na nyongeza tatu. Kuna kitufe kinachozunguka meza. Aliye nacho hucheza wa mwisho kuanzia flopu, na wawili wa kushoto kwake huweka dau la lazima, dola 2 (dau dogo) na dola 4 (dau kubwa), kabla hata ya kuona karata. Asiyetaka kuweka kitu wakati hakuna aliyeanza hugonga meza kwa vidole, zamu inapita.

Flashi ni karata tano za aina moja, kopa tupu au shupaza tupu, au uru, au pau (wengine huita maua). Kusubiri flashi ni kuwa na nne na kuomba ya tano.

Sasa angalia jambo hili kabla ya mengine. Kwenye flopu una karata mbili zinazokuja na dau ni dola 4. Ikishafunguka ya nne bila kukufaa, imebaki karata moja tu na dau limekuwa dola 8. Yaani bei inapanda maradufu wakati uleule bahati yako inapokatika karibu nusu. Mchezo mzima wa kusubiri flashi kwenye limiti unazunguka hapo.

Hatua ya kwanza: shika namba tatu

Jozi ya karata ina 52, na kila aina ina 13. Unaziona zako mbili na tatu za flopu, zinabaki 47 usizozijua. Kati ya kopa 13, nne uko nazo machoni, zimebaki 9. Mtu huniuliza: na zile kopa zilizo mikononi mwa wenzangu je? Huzijui, kwa hiyo zote 47 zihesabu sawasawa, ziwe kwenye fungu au kwenye vidole vya jirani.

Karata 9 zinakuvusha, 38 zinakuacha ng'ambo. Hiyo ni 4.2 kwa 1 dhidi yako kwa karata moja, yaani asilimia 19. Ikipita ya nne bila kukuvusha, zimebaki 46, na sasa ni 37 kwa 9, au 4.1 kwa 1, asilimia 19.6. Ukizichukua karata zote mbili kwa pamoja kuanzia flopu, unatimiza flashi mara 35 katika 100. Namba za kukariri ni hizo: 35 kwa karata mbili, karibu 20 kwa moja, na 4 na ushei kwa 1 kama bei.

Kama hesabu za karatasi haziingii, fanya nilivyofanya mezani jikoni. Chukua jozi ya karata na maharage. Toa kopa nne na karata moja ya aina nyingine, uziweke wazi. Changa zile 47, fungua mbili za juu. Kopa ikitokea, tia harage bakuli la kulia. Isipotokea, la kushoto. Rudia mara mia. Mia yangu ya kwanza ilinipa 29 kulia, nikaanza kuzitukana karata. Mia ya pili ikaleta 41. Ndivyo bahati inavyoyumba hata pale ambapo hakuna anayeiba. Na kwa ambaye kamari kwake ni haramu, mchezo wote unachezeka kwa maharage hayohayo.

Hatua ya pili: usipende aina kuliko karata

Karibu robo ya mara utakazogawiwa, karata zako mbili zitakuwa za aina moja. Ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na hapo ndipo pesa zinapoanza kuvuja. Mtu anaona mfalme na tatu za pau, macho yanang'aa, anaingia. Ukweli ni kwamba ukiwa na mbili za aina moja, flopu inakuletea flashi kamili mara moja tu katika 118 au 119. Flopu yenye mbili za aina yako, ile ya kukuweka kwenye kusubiri, inakuja kama mara moja katika tisa. Mara nyingine zote umebaki na mfalme na tatu.

Karata kuwa za aina moja huongeza uwezo wake wa kushinda kwa asilimia 3 hivi. Ni chumvi, siyo ugali.

Mimi nafanya hivi. Nikiwa karibu na kitufe, na watu watatu au zaidi wameshaingia kwa dola 4 bila mtu kuongeza, naingia na ree yenye karata yoyote ya aina yake, na pia zile zinazofuatana kama 10 na 9, au 9 na 8. Watu wengi, bei ndogo, nacheza mwishoni: masharti yote matatu. Kama mtu ameongeza mbele yangu na wengine wamekimbia, natupa hata ree na tano za uru bila kuumia, maana nitakuwa nalipa dola 8 kupambana na mtu mmoja, na flashi inataka umati wa kuilipa.

Hatua ya tatu: kwenye flopu, hesabu vichwa

Hapa nitakaa kidogo. Chukua mgao huu niliocheza mwenyewe. Nina kitufe, nina ree na 9 za kopa. Wanne wameingia kwa dola 4, nami nikaingia, wa dau dogo akajaza, wa dau kubwa akagonga meza. Watu saba, poti ina dola 28. (Nyumba hukata chake kila poti, hapa nakiacha pembeni ili hesabu zisomeke.)

Flopu: mfalme wa kopa, 6 ya kopa, 2 ya pau.

Wa dau dogo akagonga. Wa dau kubwa akaweka dola 4. Wawili wakatupa, wawili wakafuata. Wa dau dogo bado ana zamu baada yangu, lakini alikuwa ameshazinyanyua karata zake kuzitupa, na kweli alizitupa. Katikati ya meza kuna dola 40 na mimi natakiwa dola 4. Poti inanipa 10 kwa 1, na mimi nahitaji 4.2 kwa 1. Swali la kufuata au kutupa halipo kabisa, na kwa holdemu ya limiti ndivyo ilivyo karibu kila mara. Anayetumia akili yake yote kujiuliza "nifuate?" anafikiria swali lililokwisha kujibiwa.

Swali lenye pesa ni hili: niongeze?

Nikiongeza, kila mmoja wa wale watatu atatoa dola 4 zaidi, nami natoa 4. Hizo ni dola 16 mpya mezani, na robo yake imetoka mfukoni mwangu. Lakini flashi yangu ya ree inakuja mara 35 katika 100, siyo 25. Sehemu yangu ya zile 16 ni dola 5 na senti 60. Nimetoa 4. Kila nikiongeza hapo, mbele ya watu watatu wanaofuata, najiwekea dola moja na senti 60 ingawa kwa sasa sina hata pea, yaani karata mbili za namba moja. Ndicho nilichokuwa nakitupa kwa kufuata kimyakimya.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chipu, hesabu vichwa. Wapinzani watatu au zaidi watakaolipa: ongeza. Wawili: sehemu yako ni theluthi na uwezekano wako ni 35, mnakaribiana mno, amua kwa sababu nyingine. Mmoja: kuongeza hakujilipii kwa flashi peke yake, labda una nia ya kumfukuza.

Nimesema "watakaolipa", na hapo kuna mtego ambao hata waliozoea huanguka. Angalia aliyeweka dau amekaa wapi. Kama ni yule wa kulia kwako kabisa, na nyuma yako kuna watu watatu ambao hawajacheza, ukiongeza unawawekea wale watatu bei ya dola 8 kwa mpigo. Watakimbia. Umejibakisha na mtu mmoja, huenda mwenye pea ya wafalme, na ule umati uliokuwa ukulipe umeufukuza kwa mkono wako. Hapo fuata tu, waache waingie kwa bei ndogo. Kama aliyeweka dau yuko mbali na wengine wameshamfuata kabla zamu haijakufikia, ongeza: wameshatoa dola 4, wataona aibu kutupa kwa sababu ya 4 nyingine, na huwa hawatupi.

Kuna flopu ambapo unaongeza hata mbele ya mtu mmoja. Una ree na mfalme wa kopa, flopu ni 10 ya kopa, 6 ya kopa, 2 ya pau. Kopa 9 zinakuvusha, na pia ree tatu na wafalme watatu wanakupa pea kubwa kuliko ya mwenye kumi. Karata 15. Kutoka flopu mpaka mwisho utapata mojawapo mara 54 katika 100. Dhidi ya pea ya kumi, wewe usiye na kitu ndiye unayeongoza mbio. Vivyo hivyo ukiwa na jeki na 10 za kopa, na flopu ikaleta 9 na 8 za kopa: flashi kwa kopa 9, mfululizo (karata tano zinazofuatana) kwa saba na malkia wasio wa kopa, jumla 15. Flashi pamoja na mfululizo wa tundu moja katikati ni 12, yaani asilimia 45. Hizi zicheze kama karata nzuri, kwa sababu ni nzuri.

Na angalizo la mfuko: kuongeza namna hii kunakufaidi kwa senti huku kukikuyumbisha kwa makumi ya dola. Mara 65 katika 100 unatoka mikono mitupu baada ya kuweka pesa nyingi. Wachezaji wa limiti wa zamani walikuwa na kanuni ya kuwa na madau 300 ya dola 8 akibani, yaani dola 2,400 kwa meza ya 4 kwa 8, pesa ambazo hazina ada ya mtoto wala kodi ya nyumba ndani yake.

Hatua ya nne: chukua karata ya bure

Nirudi kwenye mgao wangu. Niliongeza, watatu wakafuata, poti ikawa na dola 60. Karata ya nne: 10 ya shupaza. Haijanisaidia kitu.

Sasa kila mtu anamtazama aliyeongeza. Wa dau kubwa akagonga meza, wa pili akagonga, wa tatu akagonga. Wamenipisha. Nami nikagonga, na karata ya tano ikaja bila mimi kulipa dola 8. Nilitoa 4 za ziada kwenye flopu, dau lilipokuwa dogo, na zikaninunulia kuepa 8 lilipokuwa kubwa. Ndiyo maana nafasi ya kitufe ina thamani. Aliye mbele hawezi kufanya hivi kwa sababu hajui nani nyuma yake atakayeweka.

Kopa ingekuja kwenye karata ya nne ningeweka dola 8 bila kusita, na ndipo uzuri wa hila hii ulipo: uamuzi unaufanya ukiwa umeshaona.

Wachezaji wenye macho wanaijua. Wengine watakuongezea tena palepale kwenye flopu, ukalipa 4 nyingine. Hasara ndogo kama watu bado ni wengi. Wengine watakuwekea dola 8 usoni kwenye karata ya nne. Dawa ni kuongeza hivyohivyo siku ukiwa na pea ya ree au mbili pea, ili wasijue leo ni lipi.

Hatua ya tano: kwenye karata ya nne, piga hesabu upya

Kama hukupewa ya bure, sahau 35. Sasa una asilimia 19.6. Ukiongeza mbele ya wapinzani wanne wanaolipa, unatoa moja ya tano, yaani 20, na unapata chini kidogo ya hiyo. Kuongeza kunaanza kujilipia wakiwa watano, na watu watano kulipa dola 16 kila mmoja kwenye karata ya nne ni jambo la kusimulia nyumbani. Kwa hiyo hapa unafuata tu, hata kama dakika moja iliyopita wewe ndiye uliyekuwa moto.

Kufuata lakini bado karibu kila mara ni sawa. Tazama poti kavu kuliko zote. Uko kwenye dau kubwa na 8 na 7 za shupaza. Mtu mmoja ameongeza mpaka dola 8, wote wametupa pamoja na wa dau dogo, wewe umefuata: dola 18. Flopu ni malkia wa shupaza, 4 ya shupaza, 2 ya uru. Unagonga, anaweka 4, unafuata, 26. Karata ya nne ni jeki wa uru. Unagonga, anaweka 8. Mezani kuna 34 na unatakiwa 8: ni 4.25 kwa 1, na unahitaji 4.1. Imetosha kwa unywele, na juu yake kuna dola 8 nyingine utakazomla mwishoni shupaza ikija.

Unatupa lini basi? Unapobanwa katikati. Weka mtu wa tatu kwenye poti hiyohiyo ya 26: wa kwanza ameweka 8, wa pili ameongeza mpaka 16, na wewe hujaweka kitu. Mezani kuna 50, unatakiwa 16, inakupa 3.1 kwa 1. Tena wa kwanza bado anaweza kuongeza akakutoza tena. Tupa. Mtu akikuambia mwenye flashi ya kusubiri hatupi kamwe kwenye limiti, mwonyeshe namba hizo.

Kwa wapenda makompyuta: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha kwenye jarida la Science programu yao Cepheus, iliyotatua holdemu ya limiti ya watu wawili kiasi kwamba binadamu hawezi kuthibitisha kuwa ameizidi hata akicheza nayo maisha yake yote. Ya watu wawili, lakini. Meza ya watu tisa, nusu yao wanakula tambi na mmoja anabishana na simu, bado ni yetu.

Hatua ya sita: chambua zenye sumu

Tisa ni hesabu ya karata zinazokutimizia flashi. Zinazokushindisha zinaweza kuwa chache zaidi.

Kwenye flopu yangu ya mfalme, 6 na 2, tuseme mmoja ameshika 6 mbili, kwa hiyo ana sita tatu. Mbili ya kopa ikija, mimi nina flashi, lakini meza nayo imepata pea ya mbili na yeye ana fulhausi, tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, inayoizidi flashi. Hiyo karata ni sumu. Hata nikipata kopa safi kwenye karata ya nne, bado ana karata 10 kati ya 44 za kuniponyoka kwenye ya mwisho. Dhidi ya mtu wa namna hiyo 35 yangu inashuka mpaka karibu robo. Kwa hiyo nyongeza zikizidi kwenye flopu, moja, mbili, tatu, na watu wamebaki wawili tu, punguza kasi.

Flopu yenyewe ikiwa na pea, kwa mfano 9 mbili na 5, na flashi yako ni ya kusubiri, fuata dau moja lakini usiongeze. Ukiona watu wanaongezana, toka.

Halafu ukubwa. Flashi ya ree haina wa kuizidi isipokuwa meza ikiwa na pea, au iwe na njia ya mfululizo wa aina moja. Flashi ya 5 na 4 inaweza kukamilika na bado ukaliwa na mwenye jeki, na kwenye meza ya watu saba hilo hutokea vya kutosha kukutia adabu. Ile hesabu ya kuongeza mbele ya watu watatu ifanye kwa moyo mweupe ukiwa na ree au mfalme. Ukiwa na ndogo, fuata.

Flopu ya aina moja yote, shupaza tatu, na wewe una shupaza moja mkononi: bado ni karata 9, ila kila mwenye shupaza naye anasubiri hizohizo. Ukiwa na ree ya shupaza, fuata. Ukiwa na 6 ya shupaza, tupa, hata kama roho inauma.

Hatua ya saba: karata ya mwisho

Imekosa? Usilipe hata senti kwa hasira. Isipokuwa mambo mawili. Ree pekee wakati mwingine inashinda watu wote wakigonga, kwa hiyo usiitupe kama hujatakiwa pesa. Na kama ni wewe na mtu mmoja tu, una 8 na 7 zisizoweza kumshinda yeyote, na yeye amegonga kwa unyonge, piga mkwara. Unaweka dola 8 kwenye poti ya 60. Akikukimbia hata mara moja katika nane umejilipia. Mbele ya watu watatu usijaribu, kuna mmoja ambaye hajawahi kutupa karata tangu azaliwe.

Imekuja? Weka dau mwenyewe. Acha ujanja wa kugonga meza ukimvizia mtu aweke. Meza imejaa kopa tatu, naye ameziona, atagonga pia na umepoteza dola 8. Akiweka yeye, mwongeze.

Mgao wangu ulimalizika hivi. Karata ya mwisho ilikuwa 2 ya kopa. Flashi ya ree, na pea ya mbili mezani, ile sumu niliyoitaja. Wa dau kubwa akaweka 8 haraka mno. Wa pili akafuata, wa tatu akatupa. Dola 76. Nikaongeza mpaka 16, na kesho ningeongeza tena, kwa sababu watu hucheza hivyo wakiwa na kopa ndogo au na mfalme mzuri. Akaongeza mpaka 24. Wa pili akatupa. Mezani 108, mimi natakiwa 8: 13.5 kwa 1. Angeweza kuwa na malkia na jeki wa kopa. Kwa bei hiyo hakuna cha kuwaza, kuna kulipa bila kuongeza tena. Nikalipa.

Akalaza 6 na 2. Alikuwa na mbili pea tangu flopu, karata alizoingia nazo bure kwenye dau lake la lazima, na kwenye karata ya nne alikuwa amegonga akinivizia niweke. Akavuta dola 116 kwa mikono miwili. Jirani yangu mzee alikohoa tu. Mgawaji akachanga, kitufe kikasogea, nikapewa 8 na 3 za aina mbili tofauti. Nikatupa.